Mkaushaji na Ndala za Bluu

Mtu aliyekausha nyumba nyingi kuliko fundi yeyote ninayemjua Kasulu anaamini kwamba huenda aliua mtu. Hakushtakiwa, na hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole. Shimo analoliwaza liko nyuma ya duka letu la vifaa vya ujenzi, limefunikwa kwa zege alilolimwaga mwenyewe. Aliyemwomba alifunge ni mama yangu, siku chache kabla hajafa.

Mtaani hatukumwita kwa jina. Alikuwa Mkaushaji. Hata watoto wa shule walimwamkia hivyo, "Shikamoo Mkaushaji," naye aliitikia bila kusimama, kwa sababu kila mara alikuwa anakwenda kwenye nyumba ya mtu iliyolowa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye vidole vilivyopauka kwa chokaa, na alivaa buti za mpira mwaka mzima, hata kiangazi. Alichukia kulowa. Mvua ikimkuta njiani alijibanza barazani kwa mtu mpaka ikatike, hata kama ni saa mbili nzima. Wapangaji walimcheka: mtu anayeishi kwa maji ya wenzake anaogopa manyunyu.

Mafuriko ya sehemu za chini za mji wetu hayafanani na yale yanayosikika redioni. Kwetu maji hayaji na mto. Chini ya udongo kuna mawe ya chokaa, na mawe hayo yameliwa na maji mpaka yakawa na matundu na njia ambazo hakuna anayejua mwisho wake. Mvua ikinyesha, mashimo hunywa. Ikinyesha siku nyingi mfululizo, hutapika. Umefunga mlango, umepanga mifuko ya mchanga kizingitini, halafu maji yanaibuka katikati ya sebule, safi, baridi, yananyanyua mkeka. Hukaa siku tatu, nne, kisha hurudi yalikotoka.

Nyumba nyingi huku ni za tofali mbichi zilizovikwa lipu ya simenti. Ukuta wa namna hiyo ukilowa kutoka chini hunywa maji kama chapati kwenye chai, na lipu huyazuia yasitoke. Kosa letu sote lilikuwa moja: maji yakishaondoka, tunakimbilia kupiga lipu mpya na rangi, ili majirani wasione ule mstari wa maji ukutani. Mstari ule kwetu ni aibu, kama shuka la mtoto aliyekojoa likianikwa uani. Basi mtu anaufunika, na ndani ya wiki chache tofali zinakuwa uji huku nje nyumba inang'aa.

Mkaushaji alianza kwa kuivua nyumba nguo. Alishika tindo na nyundo akabandua lipu kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno, chumba hadi chumba. Akang'oa milango kwenye bawaba zake. Akachimba mfereji kuzunguka msingi. Akapiga marufuku jiko la mkaa ndani, maana wengi walidhani ukuta hukaushwa kama nguo, kwa moto, na ukuta ukikaushwa kwa moto hupasuka. Baada ya hapo kazi yake ilikuwa kusubiri, na hapo ndipo watu walipomchukia. Mwenye nyumba anataka kurudi kulala kwake. Yeye anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama tofali.

"Unatazama nini siku nzima?" mama mmoja wa mtaa wa juu alimuuliza mbele yangu.

"Natazama ukuta unavyopumua."

"Na sisi tulale wapi, kwenye pumzi zake?"

"Kwa shemeji yako. Nyumba yake kavu, nimeikausha mimi."

Mwisho wa kusubiri uliamuliwa na chumvi. Alikuwa na kopo la chumvi ya Uvinza, ile ya mawemawe. Aliweka kidogo sakafuni kwenye pembe ya chumba, akafunika kwa kikombe, akaondoka. Siku ya tatu alifunua. Chumvi ikiwa imelowa, hakuna kuhamia, na usimletee habari za wageni wala harusi. Ikiwa kavu, aliionja, akatema, akasema, "Ingieni." Hakuwahi kuondoka na kikombe chake, alisema kimekwisha kuwa cha nyumba hiyo.

Na baba yangu walitaniana kwa miaka. Yeye alikuja dukani kununua chokaa na misumari, kamwe si simenti.

"Duka lako linauza ugonjwa, mzee," alisema akipiga mfuko wa simenti kwa kiganja. "Mimi natibu."

"Na wewe unaishi kwa wagonjwa wangu," baba alimjibu. "Nishukuru."

Kibondo nilimwona kazini mwenyewe, siku nilipopeleka mabati huko. Mtumishi mmoja wa serikali, kijana, alikuwa ameipaka nyumba yake rangi ya maziwa wiki mbili baada ya maji kutoka, kwa sababu wakwe walikuwa wanakuja. Rangi ilikuwa imevimba sehemu moja karibu na dirisha la jikoni, uvimbe wa ukubwa wa sahani. Mkaushaji aliukaribia, akaweka shavu lake ukutani, akafumba macho. Ndivyo alivyopima ukuta, kwa shavu, saa sita mchana, wakati ukuta mkavu unapaswa kuwa na joto. Kisha akabonyeza uvimbe kwa dole gumba. Maji yalitoka, yakateremka mpaka sakafuni kwa mstari mwembamba wa kahawia.

"Umeipaka nyumba poda," alimwambia kijana. "Haijaoga."

Kijana alimshukuru kwa adabu na hakumwita tena. Ukuta wa jikoni ulilala chini kabla ya wakwe kufika. Hakuna aliyeumia. Mkaushaji alipopata habari hakufurahi kama nilivyotegemea. Aliuliza tu ulianguka kwa ndani au kwa nje.

Nyakitonto kulikuwa na kisa ambacho alipenda kukisimulia, na ndicho pekee nilichomwona akikicheka. Maji yalikuwa yamekaa kwenye nyumba ya mkulima mmoja kwa wiki nzima. Yalipotoka, maharage yakaanza kuota ukutani, maana tofali zilifyatuliwa kwa udongo wa shambani uliokuwa na makapi na mbegu ndani yake. Mwenye nyumba aliyamwagilia. Alisema ni baraka, nyumba imezaa. Mkaushaji alimkuta amefunga kamba dirishani ili maharage yapande. "Nikamwambia, baba, hiyo ni mbegu inakuonyesha maji yako wapi. Akaniambia, wewe una wivu." Alipofika hapo alicheka, kisha akakohoa. Chumba kile hakikudumu.

Hakuwa mtu mwema kwa kila upande. Kwa wapangaji alikuwa mkali kuliko wenye nyumba. Aliwatoa nje na watoto wao kwenye matope bila neno la pole, na niliwahi kumsikia akimwambia mjane kwamba kulia ndani ya nyumba kunaongeza unyevu. Mafundi wenzake walimwona ana majivuno, na walikuwa sahihi. Yeye aliyewakataza watu kukaa kwenye nyumba mbichi, nyumba yake ya Heru Juu, huko juu mlimani ambako maji hayafiki, ilivuja bati kwa miaka. Mke wake alitega masufuria. Nilipomuuliza, alisema maji ya kutoka juu ni mageni tu, yanapita. Ya kutoka chini ndiyo wenyeji.

Mashimo aliyaita makoo. "Hili ni koo la mtaa," alisema, na aligombana na kila aliyetupa takataka humo. Wengi tulitupa: makapi ya maharage, mifuko ya plastiki, paka aliyekufa. Kuziba koo lenyewe kwa makusudi alikataa katakata. Sababu yake ilikuwa rahisi. Maji yaliyozoea kutokea kwako, ukiyafungia, yatatokea kwa mwenzako, na mwenzako hajajiandaa.

Ili kujua maji ya shimo fulani huenda wapi, alitumia ndala. Ndala zilizokatika za mtaa mzima zilimfikia yeye. Alizikata kwa kisu vipande vya pembetatu, akatoboa kila kimoja katikati kwa msumari wa moto, akavitupa shimoni mvua zinapoanza. Shimo hili la rangi ya kijani, lile la nyekundu. Raba ya ndala inaelea na haiozi. Kisha alitembea mabondeni akiangalia kwenye chemchemi na kwenye mifereji, ameinama, kama mtu aliyedondosha ufunguo. Alipokiona kipande alikiokota, akakitazama, akatia mfukoni. Hakuwa na ramani yoyote ya karatasi. Alikuwa na mfuko wa vipande na kumbukumbu.

Baba alimwomba afunge shimo la nyuma ya duka misimu miwili. Lilikuwa likitapika mpaka stoo, na simenti ikilowa inakuwa jiwe. Misimu miwili alikataa, mara ya pili kwa ukali, akakaa wiki kadhaa bila kuja dukani.

Msimu wa tatu mama alikuwa hainuki tena. Chumba chake kilikuwa kile cha nyuma, ukuta mmoja na stoo. Maji yaliingia asubuhi moja yakafika kwenye miguu ya kitanda. Mkaushaji alikuja na tofali nane, akakinyanyua kitanda huku mama yuko juu yake, pembe moja baada ya nyingine, taratibu, bila kumtikisa. Nilikuwa nimeshika taa ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika na chumba kile kina dirisha dogo. Mama alimshika mkono.

"Mwanangu," alimwambia, ingawa hawakupishana sana umri, "nifungie hilo shimo. Nife pakavu."

"Mama, nikilifunga hapa litafunguka kwingine."

"Wapi?"

Aliinama kusawazisha tofali.

"Hujui," mama alisema. "Basi nenda ukajue. Chukua ndala zangu. Mimi sitembei tena."

Zilikuwa ndala za bluu, chini ya kitanda, zinaelea. Alizichukua. Alikata vipande sita kwenye kila moja, kumi na viwili, nikiwa nahesabu kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na macho yangu. Maji yalipoanza kurudi shimoni alivitupa vyote vikaenda nayo. Siku ya pili alirudi na vipande viwili. Vilikuwa vimetokea kwenye chemchemi ya bondeni, ile wanayochota maji kina mama, mbali na nyumba. Alimwonyesha mama. "Njia yake ni ya chemchemi," alisema. "Haipiti chini ya mtu." Nilimwona amefarijika. Alijaza shimo mawe makubwa, halafu madogo, halafu udongo wa mfinyanzi alioukanyaga kwa buti zake, na juu yake akamwaga zege. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ananunua simenti. Baba hakumtania.

Mama alikufa pakavu. Alasiri, mvua ikinyesha nje, sakafu imekauka hata ukiiburuzia kiganja.

Mvua zilizofuata, stoo yetu haikupata tone. Chini yetu, nyumba ya tano, aliishi mama mmoja muuza maharage, mtu wa familia iliyotoka Burundi miaka mingi iliyopita na kupata uraia hapa. Nyumba yake haikuwahi kuingiwa na maji. Ndiyo maana hakuhama yalipoonekana. Alidhani ni mtungi umepasuka. Aliyafuta kwa kitambaa. Kesho yake akayafuta tena. Siku ya tatu, asubuhi ya manyunyu, alikuwa amekaa chini anachagua maharage kwenye ungo, ameegemea ukuta. Ukuta ulianguka kwa ndani.

Mkaushaji alikuwa miongoni mwa waliochimba. Walipomtoa, watu wakaondoka na mwili, yeye akabaki. Aliomba chekeche kwa jirani, akaanza kuchekecha matope, koleo baada ya koleo. Vijana waliosimama pale walinong'ona kwamba anatafuta pesa za marehemu. Binti wa marehemu alisikia, akamwendea.

"Mzee, unatafuta nini kwenye udongo wa mama?"

"Kitu changu."

"Kitu chako kimeingiaje humu?"

Aliinua macho akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama kwenye mfereji. Mimi nilijua. Niliangalia pembeni. Alichekecha mpaka jioni, akapata maharage tu.

Nyumbani nilimwambia baba. Baba alisema kifo ni amri ya Mungu, na nyumba za tofali mbichi huanguka kila mwaka. Yote mawili ni kweli. Baba naye sasa hayupo, duka ni langu, na chumba alichofia mama nimekuwa nikiwekea simenti, kwa sababu ndicho chumba kikavu kuliko vyote.

Baada ya hapo Mkaushaji aliuacha mtaa wetu. Nilisikia yuko Kibondo, halafu Kakonko, halafu simu yake ikawa haipatikani. Waliomwona huko walisema anafanya kazi vilevile, lipu mpaka kiunoni, chumvi, kikombe, lakini hawezi kulipita shimo bila kulizibua kwa mikono, hata lisilo la mteja wake.

Mwishoni mwa kiangazi hiki mwendesha bodaboda mmoja aliniletea salamu: Mkaushaji yuko kwake Heru Juu, anaumwa, anamuulizia binti wa duka. Nilipanda siku ileile. Nilimkuta uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa sweta, buti miguuni. Kifua kilikuwa kimekwisha. Mke wake aliniletea kiti, akaniambia bila kuficha, "Ana ukungu wa nyumba za watu humo ndani."

"Mwakeye," nilimsalimia kwa Kiha chake.

"Umelifungua?" aliuliza, hata kabla ya kuitikia.

"Bado."

"Una simenti kiasi gani mle chumbani?"

"Nyingi."

"Ndiyo." Alikohoa kwa muda. "Vipande viwili vilinidanganya. Nilidhani viwili vikipita, maji yote yamepita. Sikusubiri vile kumi. Mimi, ninayesubiri kila kitu."

"Mama alikuwa anakufa."

"Ningemwambia hapana."

"Ungeweza?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Hapana," alisema. Kisha akasema mvua zikianza chemchemi haitaweza kuyabeba maji yote, na sasa pale kwa muuza maharage kuna nyumba nyingine, na kuna wajukuu wake ndani yake. Hakuniomba. Alikuwa ananipa taarifa.

Niliposhuka sikwenda dukani. Nilikwenda kwa binti wa muuza maharage. Naye anauza maharage, barazani, kwenye nyumba waliyoijenga upya. Nilimuuliza kama walipochimba msingi walikuta vitu. Alisema, "Vipo, dada," akatoa bakuli la bati lililokuwa juu ya kabati: rozari iliyokatika, kifungo, kijiko, na kipande cha raba ya bluu.

"Hicho ni cha watoto, sijui kimetoka wapi," alisema. "Tulikiweka tu, kwa kuwa kilikuwa kwenye udongo wa mama."

Nilimwomba.

"Cha nini?"

Nilisema nitakirudisha. Alinitazama kidogo, akanipa.

Nilikipeleka Heru Juu kesho yake. Upande mmoja umekatwa kwa kunyooka, kama kwa kisu. Pande mbili zimetafunwa. Katikati, mahali ambapo tundu la msumari lingekuwa, pameliwa. Mkaushaji alikishika, akakinusa, akakiweka shavuni akafumba macho, na mke wake akaacha kupepeta akasubiri. Macho ya Mkaushaji hayaoni vizuri siku hizi.

"Kisu ni changu," alisema.

Akapapasa pande zilizotafunwa.

"Au panya," alisema. "Ndala za bluu Kasulu nzima."

Alinirudishia mkononi akanikunja vidole juu yake. Aliniambia nisimpelekee binti yule jibu ambalo yeye mwenyewe hana, ila shimo nilifungue, kwa kuwa shimo halihitaji jibu.

Mifuko ya simenti nimeihamishia chumba cha mbele. Nyundo kubwa ipo, imeegemea ukuta wa stoo. Juzi ilinyesha kwa mara ya kwanza, na jana niliweka chumvi kando ya zege, nikaifunika kikombe. Binti wa muuza maharage alipita dukani asubuhi kununua misumari na hakuuliza habari za kipande, alilipa tu na kunitazama kidogo zaidi ya kawaida. Vipande vilikuwa kumi na viwili. Viwili vilitokea chemchemi. Kimoja, labda, kiko kwenye droo yangu.